Soksi juu ya amplifaya: upande mmoja ukiwa na homa

WIKI mbili zilizopita nilipanda Bumbuli kumsalimia dada yangu. Wanaoijua Usambara mwezi wa Julai wananielewa: ukungu unaondoka saa nne asubuhi, unarudi saa kumi jioni, na nguo iliyofuliwa Jumatatu inaweza kufika Alhamisi ikiwa bado mbichi. Mwenye watoto wa shule ndiye anayehangaika zaidi, maana soksi ni jozi zile zile mbili.

Jioni ya kwanza nilimkuta mpwa wangu, yuko darasa la pili, anatandaza soksi zake juu ya amplifaya ya baba yake pale sebuleni. Hakuzitandaza katikati. Zote alizisogeza upande wa kulia.

"Mama mdogo, lete na zako," akaniambia. "Huku ndiko kunakokausha. Huku kwingine kuna baridi."

Nikaweka kiganja. Upande wa kushoto ulikuwa vuguvugu tu. Upande wa kulia sikufika hata kuhesabu tatu, nikauondoa mkono. Na wala muziki haukuwa mkubwa. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari kwa sauti ya chini.

Nilipoziondoa soksi, moja ilikuwa na alama ya kahawia kisiginoni na harufu ya nailoni iliyoungua. Nikamuuliza dada ni tangu lini mtoto anakausha nguo pale. Akasema tangu baridi ianze. Nikauliza na hilo godoro lililoegemezwa ukutani ni la nani. Akasema la mtoto huyo huyo, usiku hulitandika hapo hapo, hatua mbili kutoka kwenye amplifaya. Na amplifaya huwa hawaizimi, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi shemeji anataka habari.

Mzazi mwenzangu unayesoma ukurasa huu umezoea kuniona nikiandika kuhusu chanjo, lishe na kuhara. Leo naandika kuhusu amplifaya, na sijatoka nje ya kazi yangu. Majeraha ya moto kwa watoto wengi hutokea nyumbani, na sebule nyingi siku hizi zina sabufa au amplifaya inayowaka tangu asubuhi hadi usiku. Pia, namna tunavyolishughulikia joto la chombo hiki ni ile ile tunayoishughulikia homa ya mtoto, makosa yakiwemo.

Joto ni kawaida, tofauti si kawaida

Shemeji aliporudi nikamweleza. Akacheka. "Shemeji, amplifaya lazima ipate moto. Ukiona ya baridi ujue haifanyi kazi." Kisha akanionyesha feni ndogo aliyoifunga nyuma ya kabati. "Na dawa yake nimeshaiweka."

Nusu ya maneno yake ni kweli. Kazi ya amplifaya ni kuchukua sauti ndogo kutoka kwenye redio au simu na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Katika kazi hiyo, sehemu kubwa ya umeme unaoingia hugeuka joto. Ndiyo maana ndani kuna vipande vinene vya aluminiamu vyenye mapezi kama ya samaki: vinapokea joto kutoka kwenye transista na kulitawanya hewani.

Lakini amplifaya ya stereo ni mapacha wawili ndani ya sanduku moja. Kuna upande wa kushoto na upande wa kulia, mafundi wanaita chaneli, na kila mmoja una transista zake. Wakipiga wimbo mmoja kwa sauti moja, wanatakiwa wapate joto linalokaribiana. Mmoja akiwa vuguvugu na mwenzake anaunguza, yule anayeunguza anaumwa.

Kuhusu feni, nilimwambia shemeji kama ninavyowaambia wazazi kliniki. Mtoto akiwa na homa kila siku, ukampa panadol kila siku bila kumpeleka kupimwa, homa itashuka na malaria itaendelea. Feni inashusha joto. Haikuambii joto limetoka wapi.

Anza nje ya sanduku

Yapo mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyafanya bila bisibisi na bila kufungua chochote. Tuliyafanya asubuhi iliyofuata, mimi na shemeji, mtoto akiwa shuleni.

La kwanza, tulizima, tukachomoa plagi ukutani na kuiacha ipoe. Kisha tukaondoa vilivyokuwa juu. Dada alikuwa ametandika kitambaa kizuri cha kufuma, na juu yake ua la plastiki. Mama zetu wametulea na vitambaa hivyo na sina ugomvi navyo, ila matundu ya juu ya amplifaya ni pua zake. Ukiyafunika, joto halina pa kutokea. Tukafuta vumbi lililoziba matundu, na tukaisogeza kutoka ukutani ipate nafasi ya kiganja kizima kila upande.

La pili, tuliangalia nyuma, pale waya za spika zinapoingia. Hapa ndipo nilipoona jambo. Upande wa kushoto kulikuwa na waya wa spika moja. Upande wa kulia waya zilikuwa zimesokotwa pamoja kama mkia wa ng'ombe: spika ya sebuleni, spika ya barazani, na nyingine iliyopelekwa kwenye kibanda ambako shemeji huuza vocha.

Nyuma ya kila spika huandikwa namba ya omu, mara nyingi 8 au 4. Omu ni kipimo cha ugumu ambao spika inauweka mbele ya umeme. Spika moja ya omu 8 ni mlango mwembamba, umeme unapita kwa kiasi. Ukiunga mbili za omu 8 sambamba kwenye upande mmoja, umefungua milango miwili, na ugumu unashuka hadi omu 4. Ukiunga tatu, unabaki na omu kama 2.7. Amplifaya ya shemeji imeandikwa nyuma yake kwamba spika ziwe kati ya omu 4 na 8. Maana yake upande wa kushoto ulikuwa unabeba debe moja, upande wa kulia matatu, na uwezo wake ni mawili.

Angalia pia nyuzi nyembamba za waya zilizochomoza. Uzi mmoja wa shaba ukitoka kwenye tundu jekundu ukaligusa jeusi, ni kama umeondoa spika kabisa na kuufungulia umeme lango. Upande huo utapata moto hata kwa sauti ndogo.

Badilisha kulia na kushoto

Kipimo cha tatu ni kizuri kwa urahisi wake. Amplifaya ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, hamisha waya za spika: za kulia zipeleke kushoto, za kushoto zipeleke kulia. Washa, piga muziki wa sauti ya chini kwa dakika 15, kisha gusa pande zote mbili kwa nyuma ya vidole.

Joto likihama pamoja na waya, ugonjwa uko nje: ni spika au waya. Joto likibaki pale pale, rudisha spika mahali pake, uzime tena, kisha ubadilishane waya za kuingiza sauti, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Likihama sasa, tatizo liko kwenye redio au kifaa kinacholeta sauti. Lisipohama hata hapo, ugonjwa uko ndani ya sanduku.

Kipimo cha nne kinamalizia. Zima, ondoa spika zote, punguza sauti hadi mwisho, kisha washa. Amplifaya za transista, ambazo ndizo zilizo majumbani siku hizi, hazidhuriki kwa kukaa bila spika. Subiri dakika 20. Hakuna muziki na hakuna mzigo, kwa hiyo pande zote mbili zinatakiwa ziwe vuguvugu au chini ya hapo.

Sisi tulipozitoa zile spika mbili za ziada, upande wa kulia ulipungua moto. Shemeji akafurahi, akasema tumemaliza. Tukafanya kipimo cha nne. Baada ya dakika 20 za ukimya, upande wa kulia ulikuwa unaunguza tena, na wa kushoto umepoa kama jiwe la mtoni.

Hapo ndipo kazi ya mzazi inapokoma. Usifungue. Ndani ya sanduku kuna umeme wa volti 230 unaotoka ukutani, na kuna kapasita kubwa, zile zinazofanana na makopo madogo, ambazo hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Mtu anaweza kupigwa shoti na amplifaya iliyozimwa.

Kwa fundi

Tuliifunga kwenye khanga tukashuka nayo Soni, kwa fundi mmoja mzee ambaye shemeji alielekezwa na jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mgonjwa anaumwa wapi?"

Nikamweleza vipimo vyote vinne na majibu yake. Akanitazama juu ya miwani. "Wengi huja hapa wakasema tu, fundi, inapata moto. Wewe umenipunguzia nusu ya siku."

Nawaomba wazazi mlishike hilo, kwa fundi na kwa daktari pia. Ukifika na maelezo ya lini, wapi na baada ya nini, unasaidia tiba ianze mapema.

Alifungua, akamaliza kwanza chaji iliyobaki kwenye kapasita, akaangalia fyuzi. Ilikuwa imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Shemeji akainama. Fyuzi ilikuwa imeungua mara mbili mwaka jana, na mtu akamsaidia "kuiamsha". Fundi hakusema neno, aliiweka mezani mbele yetu tuione. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla nyumba haijaungua. Ikikatika mara moja, weka nyingine ya namba ile ile. Ikikatika tena, kuna ugonjwa, mtafute fundi. Ukiifunga kwa karatasi ya fedha umemziba mdomo mlinzi wa usiku.

Kisha akatuonyesha upande wa kulia. Transista zake zilikuwa mpya kuliko za kushoto. Shemeji akakumbuka: miaka miwili iliyopita, kwenye harusi, upande huo ulinyamaza, akaupeleka mahali ukabadilishwa transista.

"Waliobadilisha hawakuuliza kilichoziua zile za kwanza," fundi akasema. "Na walipofunga, wakasahau hiki."

Akagusa kwa ncha ya bisibisi kitu kidogo cheusi kinachoning'inia kwenye miguu yake mitatu. Hiyo ni transista ndogo ambayo kazi yake si kupiga muziki. Inatakiwa ifungwe kwa skrubu kwenye lile bati lenye mapezi, ili ihisi joto la wakubwa zake. Transista zikipata moto hupitisha umeme zaidi, na umeme zaidi huleta moto zaidi, joto linaita joto. Kile kidogo kikihisi joto linapanda, hupunguza umeme wa kusubiri unaopita kwenye zile kubwa. Mwilini mwetu kazi kama hiyo inafanywa na sehemu ndogo ya ubongo: ukipata joto, inakuamrisha utoke jasho. Upande wa kulia wa amplifaya ya shemeji ulikuwa na mlinda joto aliyefungiwa nje. Yeye anahisi hewa ya baridi ya Bumbuli, anadhani mambo ni shwari, huku wenzake wanaungua.

Fundi alichomeka amplifaya kupitia globu ya zamani ya waya, ya wati 100, iliyoungwa mfululizo na umeme. Ndani kungekuwa na shoti, globu ingewaka sana na kuubeba umeme ule badala ya amplifaya. Iliwaka mara moja ikafifia, dalili nzuri. Akaiondoa globu, akapima kwa mita, pasipo muziki, volti ndogo iliyo juu ya rezista ya omu 0.22 inayofuatana na transista kila upande. Kushoto milivolti 10. Kulia milivolti 60, na namba inapanda tunavyoitazama.

Nilimwomba anipigie hesabu. Milivolti 60 kwenye omu 0.22 ni ampea 0.27. Umeme huo unapita katika njia yenye volti 80 kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ni wati kama 22 za joto tupu, usiku na mchana, bila hata wimbo mmoja. Upande wa kushoto wati hazifiki 4. Zile wati 22 ndizo zilizokuwa zinakausha soksi.

Alikifunga kile kidogo kwenye bati, akasafisha grisi nyeupe iliyokauka chini ya transista kubwa akapaka mpya, akakagua vipande vyembamba vya maika vinavyotenganisha transista na bati, akaweka fyuzi halali. Mwisho akakizungusha taratibu kirekebisho cha kulia hadi kikalingana na cha kushoto, akafunika, akasubiri nusu saa, akapima tena. Akapima pia pale spika zinapochomekwa, kuona kama hakuna umeme usiogeuka unaotoroka kwenda kuunguza spika. Ilikuwa chini ya milivolti 50, akaridhika.

Akamgeukia shemeji. "Zile transista za kwanza ziliuawa na spika tatu. Hizi zilikuwa zinauawa na skrubu moja. Ukirudisha spika tatu, utaniona tena."

Ya kushika nyumbani

Zima na uchomoe plagi mara moja ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, spika ikinguruma mfululizo bila muziki, au fyuzi ikikatika mara ya pili. Pakianza kuwaka, usimwagie maji kitu kilicho kwenye umeme. Zima meni swichi, toa watoto nje, na piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usiku zima kwenye soketi, usiiache ikisubiri asubuhi. Mtoto asilale karibu nayo, na nguo zisianikwe juu yake hata kama ni nzima.

Mtoto akigusa bati la moto akaungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako, hivyo joto unalolivumilia wewe linaweza kumtoa yeye malengelenge. Malengelenge makubwa, au jeraha la usoni, mkononi au sehemu za siri, mpeleke kituo cha afya.

Akipigwa na umeme, usimshike kabla ya kuukata umeme. Na hata akiamka anacheka, mpeleke akaangaliwe, kwa sababu umeme unaweza kuacha alama ndogo kwenye ngozi na madhara makubwa ndani.

Tulirudi Bumbuli jioni. Shemeji aliunga spika moja kila upande, feni akaiondoa mwenyewe. Spika ya kibandani ameamua kuinunulia redio yake ndogo, na dada amefunga kamba ya kuanikia nguo barazani, chini ya paa, mahali panapopita upepo.

Juzi nimempigia simu mpwa wangu. Nikamuuliza kama amplifaya ya baba iko salama. Akasema inaimba vizuri, ila ina tatizo moja, siku hizi ni ya baridi pande zote. Nikamwambia abaki akiigusa kwa nyuma ya vidole kila Jumamosi, baba yake akiwa pembeni, na siku atakayoona upande mmoja umemshinda mwenzake anipigie. Yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kabla yetu sote.

Tukutane wiki ijayo.